Samaki Waliorudi Utotoni

"Shemeji, mara ya kwanza nimeuliza kwa upole. Sasa nauliza kwa sauti. Hawa samaki ni akina nani?"

"Samaki ni samaki. Au unataka nikuletee vitambulisho vyao?"

"Usinichekeshe, sikuja kucheka. Mwezi uliopita nilipokinyanyua hiki kizimba nilikuta perege kumi na wawili, kila mmoja upana wa kiganja changu. Leo nakuta kumi na wawili wa vidole viwili. Tangu lini samaki akarudi utotoni?"

"Labda wamekonda."

"Wamekonda mpaka wakafupika?"

Shemeji akaangalia pembeni, ambako hakukuwa na kitu cha kuangalia ila majani ya tuta. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na kitu, mlinzi wa mabwawa ya majitaka, mdogo wake mume wa Mama Pacha. Kama kila siku alikuwa amevaa jezi nyekundu ya timu yake, timu ambayo mara ya mwisho kushinda kombe watoto wa chekechea wa leo walikuwa hawajazaliwa. Mama Pacha, msimamizi wa kituo na mkubwa wake wa kazi, alikuwa ameishika kamba ya kizimba kwa mikono miwili. Maji yalimchuruzikia kwenye buti. Hakuiachia.

Ilikuwa saa tatu na robo asubuhi. Nyuma yao bwawa kubwa lilikuwa limetulia, kijani kama mboga iliyosagwa. Mbele yao lilikuwa bwawa dogo la mwisho, kisha lango la chuma, kisha mfereji unaoteremka kwenye mikoko hadi ghubani. Bahari ilikuwa inamalizia kujaa. Saa nne kasorobo ingeanza kupwa, na hapo ndipo lango lilipaswa kufunguliwa. Kituo kile kilifungua lango mara mbili tu kwa mwezi, siku za bamvu, bahari inapojaa sana na kupwa sana, ili mkondo uyachukue maji yaliyosafishwa na kuyatupa mbali. Leo ilikuwa bamvu.

Kama hujawahi kufanya kazi na majitaka utajiuliza samaki wanatafuta nini hapo. Jibu ni wanawake wa chaza, wale wanaozibandua kwenye mikoko ya kule chini na kuziuza. Miaka tisa iliyopita, kituo kilipojengwa, mhandisi alisimama mbele yao na karatasi za maabara akawasomea namba. Aliyekuwa akiwaongoza wanawake wale ni mama mkwe wake Mama Pacha. Alimsikiliza mhandisi mpaka mwisho, kisha akamwambia: "Baba, karatasi zako tumeziona. Lakini sisi karatasi hatuli. Tuwekee samaki ndani ya hayo maji. Samaki aliyekufa tunamjua bila kusomewa."

Wakawekwa perege kumi na wawili kwenye kizimba cha waya, na mlingoti ukasimikwa juu ya tuta. Samaki wakiwa hai kinapandishwa kitambaa cheupe, na wanawake wanashuka kwenye mikoko na ndoo na visu vyao. Akifa hata mmoja kinapandishwa chekundu, na hakuna mguu unaogusa tope. Hakuna aliyeuandika mkataba huo popote, na hakuna mkataba ulioheshimiwa pale mjini kama huo.

Asubuhi hii cheupe kilikuwa juu tangu saa kumi na mbili. Aliyekipandisha ni Shemeji.

Mama Pacha hakuwa na kawaida ya kukinyanyua kizimba kila siku. Alikuja mabwawani Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, siku nyingine alikuwa kwenye pampu mjini. Akija alirusha konzi ya pumba, akahesabu midomo inayochomoza, akaandika kumi na mbili kwenye daftari na kuendelea na kazi nyingine. Kumi na mbili ni kumi na mbili. Leo amekinyanyua kwa sababu ya swali moja la daktari wa zahanati.

Mmoja wa pacha wake, yule mdogo kwa dakika kumi, alikuwa anatapika na kuharisha tangu jana mchana. Asubuhi wamemtundikia dripu.

"Amekula nini?" daktari aliuliza.

"Alichokula mwenzake."

"Mwenzake mzima?"

"Mzima anaruka."

"Hakuna chochote mmoja alichokula na mwingine hakula?"

Ndipo Mama Pacha akakumbuka bakuli la chaza alilotuma bibi yao juzi. Yule mkubwa hapendi chaza, anasema zinateleza kama kamasi. Mdogo alikuwa amelimaliza bakuli peke yake.

Daktari aliandika, akainua kichwa. "Huyu ni wa sita wiki hii, mama. Wote walikula chaza."

Mama Pacha akamwacha mtoto na mama yake mdogo na kuja mabwawani karibu mbio.

Sasa alikiweka kizimba chini, kwenye beseni la maji, akamsogelea shemeji yake mpaka wakapumuliana.

"Mtoto wa kaka yako ana sindano mkononi. Hapa sikuulizi kama mkubwa wako wa kazi, nakuuliza kama mama yake. Wale wakubwa walikufa lini?"

Tabasamu la Shemeji likadondoka kama embe bovu.

"Wiki tatu," alisema.

"Wiki ngapi?"

"Tatu. Walianza wanne, kesho yake wakaisha. Nikachukua wengine kwa jamaa anayefuga kule juu. Na hao nao wanakufa, shemeji. Siku ya tatu, ya nne. Nawabadilisha. Hawa nimewatia leo alfajiri."

Mama Pacha akaangalia beseni. Perege watatu walikuwa tayari wamelala ubavu, midomo ikifunguka na kufunga bila kupata kitu.

"Kwa nini?"

"Ni kwa ajili ya mama," alisema Shemeji, na sauti yake ikawa ndogo kuliko mwili wake. "Unakumbuka tulivyopandisha nyekundu siku kumi mfululizo? Mnunuzi akahamia ghuba ya pili. Mama alikwenda kwa miguu kumbembeleza, akamwapia kwamba nyekundu hataiona tena mwaka huu. Mama ana miaka sitini na nane, shemeji. Nikasema, siku mbili tatu maji yatajirekebisha. Halafu siku zikawa nyingi, nikashindwa pa kuanzia."

"Kwa hiyo ukamlinda mama yako kwa kumlisha mavi."

"Usiseme hivyo."

"Nisemeje? Nikuimbie?"

Alipobanwa sana Shemeji alikuwa na tabia ya kuku: akikosa pa kukimbilia, anarudi kudonoa. "Haya, mimi mbaya. Na wewe? Nyani haoni kundule. Lile pale ni nini?"

Akanyoosha mkono. Upande wa kulia wa bwawa kubwa, ng'ambo ya chemba ya kugawia maji, lilikuwepo bwawa la akiba. Kwenye michoro lilikuwa bwawa tupu, linalosubiri siku ya hatari. Machoni lilikuwa shamba. Mistari arobaini ya nyanya, vijiti vimesimama sawasawa kama wanafunzi paredi, matunda yameanza kushika wekundu. Mama Pacha ndiye aliyelima, mwaka wa pili huu, na kila Jumamosi kapu moja lilikwenda kwa mke wa meneja. Kila mwezi yeye na meneja walitia saini kwamba bwawa la akiba liko tayari kwa matumizi.

"Nyanya hazijamlaza mtu," alisema. Lakini alijisikia mwenyewe jinsi sauti ilivyoshuka.

Akakaa kwenye benchi chini ya kibanda cha mlinzi. Lilikuwa benchi zuri, zito, la mbao nene. Shemeji alilitengeneza siku za karibuni, na Mama Pacha alikuwa amemsifu, akamwambia hatimaye mikono yako imejua kazi yake. Amekaa hapo mara nyingi akinywa chai. Kiganja chake kikagusa ubao. Ukanata. Akakinusa. Lami.

Akasimama kama aliyekalia kaa la moto.

"Hizi mbao umezitoa wapi?"

"Zilikuja zenyewe."

"Mbao hazina miguu, shemeji. Zilikuja zenyewe kutoka wapi?"

"Zilikuwa zinaelea, pale majitaka yanapoingilia. Tano. Nikaona zisipotee bure."

"Lini?"

Shemeji akaanza kuhesabu kwa vidole, kisha vidole vikasimama. Wiki tatu.

Bwawa kubwa lilikuwa limegawanywa katikati na ukuta wa mbao zilizopakwa lami, ukiishia karibu na mwisho wa bwawa. Majitaka yaliingilia upande mmoja wa ukuta, yakatembea taratibu hadi mwisho, yakazunguka, yakarudi kwa upande wa pili, ndipo yakatoka. Siku ishirini kwenda na kurudi, juani, na katika siku hizo jua na ule ukijani ndivyo vilivyofanya kazi ambayo hakuna mtu angependa kuifanya. Mlango wa kuingilia na wa kutokea ilikuwa jirani, kilichoitenga ni ule ukuta tu. Tundu la mbao tano pale mwanzoni, na maji hayana tena sababu ya safari. Yanapitia uani kama jirani asiyebisha hodi.

"Yale ya mle," alisema Mama Pacha akionyesha bwawa la mwisho, "si maji ya wiki tatu zilizopita. Ni choo cha mji cha jana jioni. Bamvu lililopita tulifungua lango, mimi na wewe, kwa mikono yetu. Na leo nilikuwa nafungua tena."

Kutoka chini kikapanda kicheko cha wanawake. Walikuwa wameshafika ukingoni mwa mikoko, ishirini na kitu, wakingoja bahari irudi nyuma waifuate. Mbele kabisa, ndoo mkononi, sketi imekunjwa hadi magotini, alikuwa mama mkwe. Hata kwa mbali Mama Pacha aliona jinsi bibi huyo alivyosimama kwa kuegemea mti, mkono tumboni. Jumapili alimwambia Mama Pacha ni uzee tu, tumbo la uzee linajifanyia linavyotaka.

Simu ikalia mfukoni. Meneja.

"Mama Pacha, uko mabwawani? Nimepita pampu sijakuona."

"Niko mabwawani, bosi."

"Saa nne kasorobo mnafungua, sawa? Naambiwa bwawa la mwisho limejaa sana."

Mama Pacha akaangalia kipimo. Kilikuwa nguzo ya saruji yenye mistari. Kati ya maji na ukingo palibaki upana wa kidole, tena kidole cha mtoto. Mji mzima ulikuwa umeamka, umeoga, umeosha vyombo.

"Bosi, lango halifunguki leo. Ukuta wa bwawa kubwa umetoboka. Maji ni machafu, machafu kabisa."

"Samaki wamekufa?"

"Wale wa zamani walikufa wote. Hawa waliopo wamewekwa leo."

"Waliopo wako hai?"

"Tisa wako hai, watatu wanakata roho."

"Wako hai. Basi. Utaratibu ni samaki, Mama Pacha. Samaki wako hai, fungua. Ukuta tutauangalia Jumatatu, nitakuja na fundi."

"Bosi, watu sita wako zahanati. Mwanangu mmojawapo."

"Pole sana. Lakini sikiliza. Usipofungua, kufika mchana bwawa litamwagika lenyewe, hapohapo, bila mkondo wa kulichukua. Hiyo ni mbaya zaidi, wewe mwenyewe umesoma, unajua. Na ukizima pampu, mtaro wa kwanza kurudisha ni wa zahanati, ndiko chini kuliko kote. Unataka uchafu upande kwenye wodi aliyolala mwanao? Hakuna njia ya tatu."

"Ipo. Bwawa la akiba."

"Bwawa la akiba lina nyanya," meneja alisema.

"Najua lina nyanya. Nimezipanda mimi."

"Na ripoti zinasema liko tupu. Ukiligeuza leo lazima uandike kwa nini, na atakuja mtu kuangalia, na atauliza haya mabua yaliyooza ni ya nini, na saini ni za nani. Mimi na wewe wote tutakwenda na maji. Usiguse gurudumu la bwawa hilo. Nakuja. Nipe nusu saa, usifanye chochote mpaka nifike."

"Nusu saa maji yatakuwa yameanza kupwa, na wale kina mama watakuwa wameshaingia topeni."

"Nimesema usiguse!"

Simu ikakatika. Kule barabarani gari la mnunuzi likapiga honi mara mbili, ile ya kirafiki, ya mtu anayejua atapata mzigo.

Mama Pacha alisimama. Kwa muda wa pumzi tatu nne alikuwa mtu aliyebeba vitu viwili vizito, kila mkono na chake, na hakuna mahali pa kutua. Kazi ilikuwa ndiyo nyumba yao. Baba yao pacha alikuwa dereva wa safari za mbali, mwezi anakuja mwezi hajulikani. Akifukuzwa hapa, ataajiriwa na nani, mwanamke wa majitaka mwenye saini ya uongo? Upande wa pili palikuwa na bakuli tupu la chaza kwenye sinki ya nyumbani kwake, ambalo hata hakuwa amepata muda wa kuliosha.

Chini kule mama mkwe aliinua mguu, akautumbukiza majini, akaurudisha, kama mtu anayepima joto la kuogea.

"Shusha cheupe," alisema Mama Pacha.

"Shemeji, meneja amesema..."

"Nimemsikia, masikio ni yangu. Shusha. Pandisha nyekundu."

Shemeji akakimbilia mlingoti, kamba ikalia kwenye pete, kitambaa cheupe kikashuka kikamwangukia kichwani. Akakitoa usoni. "Nyekundu iko wapi?"

Mama Pacha akafungua kinywa kumwambia, kisha akakumbuka. Nyekundu ilikuwa shambani. Alikuwa ameichana mwenyewe kwa mkasi, vipande vyembamba vya urefu wa shibiri, kufungia nyanya kwenye vijiti. Nyekundu ilikuwa imekaa kabatini wiki na wiki bila kazi, na kitambaa chake hakikuwa kigumu cha kukata shina. Kutoka pale aliviona, vipande mamia, kila mche na chake, vikipepea kidogo. Onyo la mji mzima limegeuzwa uzi wa bustani.

Hakumwambia Shemeji hilo, na Shemeji alifuata macho yake akaliona mwenyewe. Kwa heshima, au kwa woga, hakudonoa.

"Jezi," alisema Mama Pacha.

"Hii?"

"Kuna nyingine?"

"Shemeji, hii nimezikia baba yangu nikiwa nimeivaa!"

"Basi uizikie na aibu. Vua."

Alivua. Akaifunga kwa mikono yake, fundo moja begani fundo moja kiunoni, na kuivuta juu kwa nguvu kana kwamba kamba ilikuwa imemkosea. Jezi ikajaa upepo, namba tisa mgongoni, ikasimama juu ya tuta kama mtu mfupi asiye na kichwa.

Kicheko cha chini kikakatika. Nyuso zote zikageukia juu. Halafu sauti ya mama mkwe, sauti iliyozoea kushindana na mawimbi:

"Nyinyi huko! Mmeanika nguo au mmepandisha nyekundu?"

"Nyekundu, mama!" Mama Pacha alipaza. "Tokeni! Msiguse maji!"

"Nyekundu ya nini? Alfajiri ilikuwa nyeupe! Mnunuzi yuko barabarani!"

Mama Pacha akajaza kifua hewa. Kabla hajaitoa, Shemeji alikuwa ameshapita mbele yake, kifua wazi, amesimama ukingoni kabisa mwa tuta.

"Samaki wamekufa, mama!"

"Wamekufa saa ngapi?"

Wanawake ishirini na kitu walikuwa wanamtazama, nusu yao waliwahi kumbeba mgongoni.

"Wiki tatu! Wamekufa wiki tatu, mama! Mimi ndiye niliyekuwa naweka wengine! Ni mimi!"

Bahari ilikuwa imesimama, ile dakika ambayo haijai tena na haijaanza kupwa. Mama mkwe aliiweka ndoo chini polepole. Hakumtukana. Hakumwangalia tena. Aligeukia wenzake akainua mkono mmoja, na wanawake wakaanza kupanda kutoka kwenye mikoko, yule aliyekuwa ameshatumbukia hadi magotini akivutwa na wawili. Kisha bibi kizee yule, bado amejishika tumbo, akaelekea barabarani kwenye gari la mnunuzi, na hata kwa mbali walimsikia akisema, "Fungua huko nyuma. Yale magunia ya chaza ya jana, teremsha."

"Twende," alisema Mama Pacha.

"Wapi?"

"Chemba. Nyekundu imewatoa watu, haijayazuia maji."

Chemba ya kugawia maji ilikuwa shimo la saruji lenye magurudumu mawili ya chuma. La kushoto lilifungua njia ya bwawa kubwa, liling'aa kwa kushikwa. La kulia lilikuwa la bwawa la akiba. Miaka sita halikuwahi kuzungushwa, lilikuwa limevaa kutu kama ngozi ya mamba. Chini yao majitaka ya mji yalipita kwa kasi, meusi, na harufu ile ambayo Mama Pacha aliacha kuisikia zamani leo ilimpanda hadi machoni.

Akalishika gurudumu la kulia akavuta. Kama kuvuta nyumba. Shemeji akaleta bomba la chuma, wakalipitisha kati ya vyuma vya gurudumu, Mama Pacha upande huu, yeye upande ule.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," alisema Shemeji akijaribu kumchekesha.

"Acha methali. Sukuma."

Wakasukuma. Hapana kitu. Simu ikaanza kulia mfukoni mwa Mama Pacha, ikaacha, ikaanza tena. Kule kwenye bwawa la mwisho, mawimbi madogo ya upepo yalikuwa tayari yanalamba ukingo wa saruji.

Shemeji akapumzika, akatazama shamba. "Shemeji, zile za mistari ya mbele zimeshaiva. Nipe dakika kumi, niingie na ndoo. Angalau za watoto."

Aliziona. Za mstari wa kwanza zilikuwa nyekundu hasa, za kuchuma kesho. Alikuwa amezinyweshea kwa kopo moja moja. Pesa ya viatu vya shule vya pacha ilikuwa mle, na ya bati la jikoni.

"Tukianza kuchuma tutachuma mpaka jioni," alisema. "Na meneja yuko njiani na maneno matamu. Najijua, atanikuta na ndoo mkononi, na mtu mwenye ndoo mkononi hasikii vizuri. Sukuma!"

Akaweka mguu ukutani, akalala kwa uzito wake wote juu ya bomba. Shemeji akakaza meno, misuli ya mgongo wazi ikamsimama. Kitu kikalia ndani ya chuma, mlio mkavu kama wa mfupa. Kutu ikadondoka vipande. Gurudumu likasogea upana wa ukucha, kisha wa kidole, kisha likazunguka lote kwa ghafla mpaka wote wawili wakapiga magoti kwenye saruji.

Chini, maji yakasita, kama yamesahau njia. Kisha yakageuka.

Yaliingia kwenye bwawa la akiba kwa sauti ya mvua ya mawe. Mstari wa kwanza ulilala mara moja, vijiti na yote. Wa pili ukasimama kidogo, vipande vyekundu vikatetemeka, nao ukaenda. Nyanya zikaanza kuelea juu ya weusi ule, zinagongana taratibu, nzuri za kupigia picha.

"Likijaa?" Shemeji aliuliza akihema.

"Lina wiki mbili kabla ya kujaa. Bwawa la mwisho limebaki na lango limefungwa, yaliyomo yatalala humo mpaka jua liyasafishe. Wewe leo utalivunja lile benchi, mbao zirudi kwao. Na nyekundu itakaa juu mpaka mimi, kwa macho yangu, nione perege wa kiganja. Halafu utakwenda kwa mama."

"Atanifukuza."

"Akufukuze. Utarudi kesho akufukuze tena."

Vumbi likatokea kule kwenye kona ya barabara ya kituo. Gari la meneja, kwa mwendo wa mtu ambaye amekwisha kuona jezi juu ya mlingoti. Simu ikalia kwa mara ya tano. Mama Pacha aliitoa mfukoni, akaiweka juu ya ukuta wa chemba, uso chini, akafuta mikono kwenye suruali.

Kisha akavuka upande wa kushoto, akalishika gurudumu la bwawa kubwa, lile linalong'aa, akaanza kulifunga, ili hata tone lisiende tena kulisukuma bwawa la mwisho. Mzunguko kwa mzunguko, bila haraka, mpaka likagoma.